Uzi Mwekundu wa Pomerol

Mwaka mzima Papa Nday hakutia kitu kikali mdomoni. Si bia, si divai. Hata dawa ya kikohozi iliyonuka pombe aliinusa, akafunga chupa, akamrudishia binti yake. Kwao Katanga, katika ukoo wake, mwanamume aliyefiwa na mke hukaa mkavu mpaka kilio kiishe. Na kilio cha mkewe Berthe kilikuwa kinaisha Jumamosi.

Jumatatu ya wiki hiyo, Oktoba ya mwaka tisini na sita, alikuwa jikoni kwake Brussels, barabara ya Chaussée de Wavre, ghorofa ya tatu, anapiga pasi shati jeusi. Claudine, bintiye, alikaa mezani na karatasi, anaandika majina ya watu wa kualikwa. Kazi ya Claudine ilikuwa kutunza wazee wa Kibelgiji, kuwaogesha na kuwalisha, na wakati mwingine alimsemesha baba yake kama mmoja wao.

"Papa, hiyo shati iko na siku tano za kuishi. Jumamosi tunaivua. Unaipigia pasi ya nini?"

"Njo sababu inakwenda zake. Iende vizuri."

"Bon. Shati inafanyiwa mazishi."

Simu ikalia. Claudine akaipokea, akacheka na mtu, akampa baba yake. "Ni Mathilde."

Mathilde alikuwa binti wa Bwana Josse, mfanyabiashara wa divai aliyemwajiri Nday miaka ishirini na sita. Bwana Josse alikufa mwaka wa tisini. Mathilde sasa alikuwa na miaka arobaini na sita, hajaolewa, anaishi peke yake katika nyumba ile kubwa, hatua chache kutoka Chaussée d'Ixelles, juu ya ghala la chini la baba yake. Kiswahili alikipata utotoni jikoni kwa Berthe, na hakukiacha.

"Papa Nday, nafunga nyumba," alisema. "Alhamisi kuna watu wanakuya kuonja. Wakipenda, watachukua vyote vilivyobaki huku chini. Nakuomba uje unifungulie chupa. Vizibo vya zamani vinanikatikia mkononi."

"Chupa gani?"

"Pomerol. Ya soixante-et-un, mwaka sitini na moja. Iko makasha manane, nyuma kabisa. Sijui juu ya nini Papa yangu hakuyauza."

Pasi ikasimama juu ya mkono wa shati.

"Papa Nday?"

"Nasikia."

"Na Jumamosi nitakuya kwenye kilio. Claudine ameniomba niseme neno. Nitasema ile aliyopenda kusema Papa yangu: mikono ya Berthe haikosei."

"Papa, pasi!" Claudine aliruka kutoka mezani. Moshi mdogo ulikuwa unapanda kwenye mkono wa shati.

*

Ili mtu aelewe kwa nini pasi ilisahauliwa, lazima turudi mwaka wa sitini na nne.

Siku hizo divai ya Bordeaux haikuja yote ndani ya chupa. Nyingine ilikuja Brussels kwa treni, ndani ya mapipa, na wafanyabiashara wa hapa ndio walioitia chupani. Bwana Josse alikuwa mmoja wao. Zamani aliwauzia divai mabwana wa migodi kule Élisabethville, mji wa Katanga, na aliporudi kwao alikuja na Nday, mpishi wake. Brussels hakuhitaji mpishi. Alihitaji mtu mwenye mgongo na pua. Nday alikuwa navyo vyote viwili.

Kazi ilikuwa hivi. Pipa linafika, linalazwa, linapumzika. Kisha Nday anapiga ute wa mayai, anaumimina ndani, nao unashuka polepole na kubeba uchafu wote mpaka chini. Viini vinakwenda nyumbani kwa Berthe. Berthe alivikaanga, akavipika, akavitia hata kwenye ugali. Baada ya wiki kadhaa Nday anafungua bomba, anajaza chupa moja moja, anapiga kizibo. Pipa moja linatoa chupa mia tatu. Chupa zinaingia makashani zikiwa uchi, zinapanda chumba cha juu alikofanya kazi Berthe, naye anabandika lebo.

Nday na mkewe hawakujua kusoma. Bwana Josse alijua hilo, naye aliweka kanuni: kasha la divai ya heshima linafungwa uzi mwekundu. Kasha la divai ya kawaida halifungwi kitu. Lebo yenye mnara ni ya uzi mwekundu. Lebo yenye zabibu tu, iliyoandikwa Réserve de la Maison, ni ya kasha lisilo na uzi. Nyuzi alizifunga mwenyewe, kwa fundo la kamba ya viatu, masikio mawili yakining'inia, kwa sababu hakujua fundo jingine. Berthe alimcheka. "Bwana anavalisha divai viatu."

Mwezi wa nne mwaka huo walikuwa na mapipa mawili ya mavuno ya mwaka sitini na moja. Moja lilitoka shamba dogo la Pomerol, kule Bordeaux. Bwana Josse alilionja akakaa chini. Jingine lilikuwa divai ya kila siku. Chupa zilijazwa, zikapanda juu: makasha ya Pomerol kushoto, na uzi, ya kawaida kulia, bila uzi.

Siku hiyo hiyo simu ya upepo, yaani telegramu, ikafika kutoka Bukama, kwao Katanga. Mama yake Berthe amekufa.

Kwa kina mama yake Berthe, mwenye kilio hakai chumba kimoja na kitu chekundu. Wengine hawana desturi hiyo, wao wanayo. Berthe hakulia kwanza. Alisimama, akafungua nyuzi zote nyekundu, moja moja, akaziweka kwenye kopo. Alijua makasha ya Pomerol ni yale ya kushoto. Halafu akaenda nyumbani akalia siku nne.

Katika siku hizo nne mapipa mapya yakafika. Nday alihitaji nafasi. Alipanda juu, akasukuma makasha: ya kushoto akayapeleka kulia, ya kulia yakaja kushoto. Aliona nyuzi hazipo. Alifikiri Berthe ana sababu yake. Na mwenye kilio haulizwi mambo ya kazi.

Berthe akarudi. Akabandika mnara kwenye makasha ya kushoto.

Walijua mwaka uliofuata, siku ya ubatizo wa Claudine. Bwana Josse aliwapa chupa sita za Réserve ya zawadi. Nday akafungua ya kwanza, akaipeleka puani, akasimama pale kama mtu aliyeitwa na sauti anayoijua. Hii haikuwa divai ya kila siku. Hii ilikuwa Pomerol. Wageni waliinywa pamoja na kuku na sombe ya majani ya mihogo. Padri aliomba tena mara tatu. Fundi wa viatu wa ghorofa ya chini akasema inakwenda vizuri na maji ya soda.

Wageni walipokwenda, Nday alimwambia mkewe. Berthe alikaa ukingoni mwa kitanda, mtoto mapajani.

"Ni miye," alisema. "Nilitoa uzi. Bwana akijua, anatufukuza. Nyamaza, Nday. Tafazali."

Nday alifungua mdomo amwambie: na mimi nilihamisha makasha. Wakati huo mtoto akalia. Berthe akainuka kumbembeleza. Neno likabaki pale liliposimama.

Kesho yake lilikuwa bado linasemeka. Baada ya mwezi likawa zito. Baada ya mwaka, kulisema kungekuwa kumfanya mkewe aulize: kwa nini mwaka mzima uliniacha nibebe peke yangu? Na Berthe alibeba. Tangu siku hiyo kila lebo aliigeuza mara mbili, akamwita Mathilde, bado msichana, amsomee herufi. Na Bwana Josse, katika miaka hiyo hiyo, akaanza msemo wake mbele ya wateja: "Mikono ya Berthe haikosei." Kila aliposema, Berthe alitazama sakafu.

Aliitazama miaka zaidi ya ishirini, mpaka Bwana Josse alipokufa. Halafu Berthe naye akafa, Oktoba ya mwaka tisini na tano, kwa moyo, kwenye foleni ya duka la samaki, na Nday hakuwa amesema.

*

Alhamisi saa nne asubuhi alifika kwa Mathilde, na shati lake jeusi lenye alama ya pasi kwenye mkono. Angeweza kusema mgongo unauma. Alikwenda kwa sababu moja: asipokuwepo, atakayefungua chupa zile ni mtu mwingine, naye Nday hatajua litakalosemwa.

Mathilde alikuwa amezisimamisha chupa tangu Jumanne ili machicha yashuke. Nday akawasha mshumaa. Hakutumia kizibuo cha msumari. Vizibo vya miaka thelathini na miwili huoza katikati. Alichukua kile chenye meno mawili bapa, akayaingiza pembeni mwa kizibo, kushoto, kulia, kushoto, kama mtu anayelaza mtoto. Kizibo kikatoka kizima. Akamimina polepole kwenye jagi la kioo, shingo ya chupa juu ya mwanga wa mshumaa, mpaka alipoona wingu la kwanza la machicha, akaacha.

Akanusa kizibo. Divai ya kila siku, na siku zake ziliisha zamani. Ilinuka kama karatasi iliyolowa.

Mezani walikuwa watu watatu. Daktari mmoja mnene, mpole. Mama mmoja aliyeitwa Élodie, muuza vitabu vya zamani. Na Maître Arnaud, mwanasheria, mrefu, mwenye shingo nyembamba. Huyu ndiye aliyekuwa anataka kununua. Kila mmoja alikuwa na glasi tatu, mkate, na chombo cha kutemea.

"Na wewe, mzee, huonji?" Arnaud aliuliza.

"Niko kwenye kilio."

"Mfungua chupa asiyekunywa. Kama kinyozi mwenye upara."

"Kinyozi mwenye upara hana haraka," alisema Nday. Daktari akacheka.

Wakamiminiwa. Wakainamisha glasi juu ya kitambaa cheupe kutazama rangi. Ukingoni ilikuwa kahawia kama chai iliyolala. Wakazungusha, wakanusa, wakavuta kidogo na hewa.

"Imechoka," alisema Élodie kwa upole.

"Chupa moja mbaya hutokea," alisema daktari.

Nday akafungua ya pili kutoka kasha jingine. Ile ile. Akafungua ya tatu. Ile ile. Mathilde alikunywa yake mpaka chini, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha ndani ya glasi.

Arnaud akaiweka glasi yake mezani. "Mademoiselle, nitasema kwa heshima. Divai nzuri ikizeeka inakuwa mzee. Inabaki na mifupa. Hii haikuwa na mifupa tangu ujana wake. Hii si Pomerol."

"Lebo ni yetu," alisema Mathilde. "Baba yangu aliitia chupani hapa hapa."

"Ndiyo ninachosema. Lebo ni yenu. Kilichomo ndani ni divai ya chakula cha Jumapili, iliyovishwa suti ya mwingine. Makasha manane, nyuma ya ghala, hayakuuzwa kamwe. Mtu huficha nini nyuma ya ghala lake?"

Shingo ya Mathilde ilianza kuwa nyekundu, toka chini kwenda juu, kama alipokuwa mtoto na amevunja sahani.

"Wengi walifanya hivyo wakati ule," aliendelea Arnaud. "Simlaumu. Lakini mjini watu wataniuliza kwa nini sikununua, nami sitadanganya."

Nday alikuwa amesimama pembeni na mshumaa mkononi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Aliufikiria msemo huo, akafikiria Jumamosi. Akinyamaza, Berthe atasifiwa mbele ya watu wote, mikono yake haikosei, na Bwana Josse atabaki mwizi kaburini. Akisema, sifa ya Berthe inakufa siku mbili kabla ya kilio chake kuisha. Alitafuta njia ya tatu. Hakuiona. Nta ikamdondokea kidoleni. Akazima mshumaa.

"Si Bwana Josse," alisema, kwa Kifaransa chake cha ghalani. "Ni mimi."

Wote wakageuka.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema uzi. Alisema simu kutoka Bukama, na kwamba mke wake alitoa nyuzi nyekundu kwa sababu ya mama yake. Alisema: "Yeye alijua kushoto na kulia. Mimi nikahamisha makasha. Sikumwambia. Akabandika." Kisha akasema, "Basi."

Arnaud alimtazama muda, si kwa ubaya. "Mzee, mtumishi mwema hubeba dhambi ya bwana wake. Nakuheshimu kwa hilo. Lakini uzi, msiba, makasha yanayotembea... Kama ni hivyo, Pomerol yenyewe ilikwenda wapi?"

"Watu waliinywa."

"Watu gani?"

"Padri. Muuza mkate. Fundi wa viatu, yeye alitia maji ya soda."

Élodie aliweka mkono mdomoni. Daktari alitikisa kichwa. "Maji ya soda," alinong'ona, kama mtu aliyesikia habari ya ajali.

"Hadithi nzuri," alisema Arnaud. "Haina chupa."

Mathilde hakucheka. Alimgeukia Nday, akamwuliza kwa Kiswahili, taratibu. "Berthe alijua?"

"Alijua ni yeye. Hakujua ni miye."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

Mathilde akafungua droo ya kabati, akatoa ufunguo mdogo wenye kutu. "Kuna kile chumba cha Papa mwenyewe. Tangu alipokufa sijakifungua. Twende."

*

Ghala la chini lilikuwa lile lile. Ngazi kumi na saba, na ya tisa imevunjika pembeni. Baridi ile ile, na harufu ya mawe na mbao iliyompokea kama mbwa mzee anayemkumbuka. Mwishoni palikuwa na mlango wa vyuma ambao Nday hakuwahi kuingia. Alichokuwa akinywa Bwana Josse peke yake kilikaa humo, na haikuwa desturi kuuliza.

Mathilde alisukuma mlango. Chupa za porto. Sanduku la picha. Chini, ukutani, kasha moja limefunikwa vumbi mpaka likawa jeupe. Mathilde aliinua taa.

Kasha lilikuwa limefungwa uzi mwekundu.

Nday alipiga goti. Magoti yakalalamika. Alipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake, ule ulioungua. Uzi ulikuwa umepauka, lakini fundo lilikuwa pale, masikio mawili yakining'inia. Fundo la kiatu. Ndani zilibaki chupa nne, na lebo zake hazikuwa na mnara. Zilikuwa na zabibu. Réserve de la Maison.

"Sielewi," alisema Mathilde. "Juu ya nini uzi wa Pomerol uko kwenye Réserve?"

Nday alielewa.

Bwana Josse alijua. Siku moja, mwaka mmoja, alifungua chupa ya kawaida mezani kwake, na pua yake ikamwambia. Akashuka, akafungua yenye mnara, nayo ikamwambia mengine. Akaacha kuziuza zile za mnara, akazisukuma nyuma ili asimuibie mtu. Akachukua kasha moja la Pomerol ya kweli kabla haijaisha, akalifunga uzi mwenyewe, akaliweka hapa. Halafu akapanda juu, akamkuta Berthe anageuza kila lebo mara mbili kwa hofu, akaanza kusema mbele ya watu wote: mikono ya Berthe haikosei.

Alidhani anampa dawa. Hakujua kila neno lilikuwa linafungua kidonda.

"Baba yako alijua," Nday alisema mwishowe. "Sisi tulimuficha yeye. Yeye akatuficha sisi. Na miye nilimuficha Berthe."

Mathilde alikaa juu ya sanduku la picha. "Nyumba moja," alisema. "Kila siku asubuhi bonjour, bonjour."

"Ndiyo."

"Na mtu hasemi."

"Ndiyo."

Nday akafungua uzi polepole, bila kuukata, akautia mfukoni.

*

Juu mezani, kizibo cha Réserve kilitoka kirefu na kigumu, kimelowa ncha tu. Nday hakuhitaji kukiinamia. Harufu ilimpandia yenyewe puani. Udongo wa Katanga ikinyesha mvua ya kwanza. Uyoga mkubwa unaoota kwenye kichuguu, umefungwa kwenye jani. Tumbaku kavu. Na nyuma ya vyote hivyo kitu kitamu kilichojificha, kama tunda lililosahauliwa kwenye kabati la nguo. Mate yalimjaa. Akameza.

Aliwamiminia. Élodie alinusa, akafumba macho, hakunywa kwa muda mrefu. Daktari alikunywa, wala hakutazama chombo cha kutemea. Arnaud alizungusha glasi, akanusa, akaiweka chini, akaitazama kama shahidi aliyebadilisha maneno. Akainusa tena. Akanywa.

"Ina mifupa," alisema.

Baadaye akasimama, akamwinamia Mathilde kidogo. "Mademoiselle, nilimsema vibaya baba yako kwenye meza yake. Nayarudisha maneno." Kisha akajaza glasi safi robo, akamsogezea Nday kwa mikono miwili. "Na wewe, mzee. Uliingoja kuliko sisi."

Nday aliitazama. Rangi ya tofali ukingoni, nyekundu nzito katikati.

"Jumamosi," alisema.

Arnaud akauliza kama zile tatu zilizobaki zinaweza kununuliwa. Mathilde akasema hapana, zina watu wake.

*

Kilio kiliishia kwenye ukumbi wa parokia, baada ya misa ya asubuhi. Watu walijaa. Wamama wa Katanga walileta vyungu tangu saa moja, na wa Kivu nao walileta vyao, wakashindana kimyakimya nani sufuria yake itakwisha kwanza. Papa Nday alinyolewa. Claudine alimvua shati jeusi mbele ya watu, akaona alama ya pasi, akatikisa kichwa.

"Ilikwenda vizuri kweli, Papa."

Akamvika shati jipya la kitenge, njano na buluu.

Mathilde aliposimama, Nday alitazama sakafu. Kumbe hivi ndivyo Berthe alivyokuwa akiiona, alifikiri. Mbao, na viatu vya watu.

Mathilde hakusema msemo wa baba yake. Alisema: "Berthe alinilea jikoni. Alipofiwa na mama yake, alitoa kila uzi mwekundu kazini kwake, kwa heshima. Kwa sababu ya heshima hiyo, divai ya matajiri ikanywewa na watu wa mtaa wetu, ubatizo na harusi, na hakuna aliyejua. Kama wewe ulikula chakula kwa Berthe mwaka wa soixante-cinq, sitini na tano, uliinywa."

Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti: "Njo maana niliimba siku ile." Watu wakacheka. Wengine walilia wakicheka. Nday akainua macho.

Claudine akaleta chungu cha maua, jeranium ya Berthe kutoka dirishani, kwa sababu ukumbi hauna udongo, na marehemu hunyweshwa kwenye udongo. Nday akafungua chupa ya kwanza. Akamimina kidogo kando ya mmea. Udongo ukanywa.

Desturi inataka mume aseme. Aliinama karibu, lakini Claudine na Mathilde walimsikia.

"Berthe. Makasha, ni miye niliyabeba, ile siku unalia. Weye ulitoa uzi tu. Nilinyamaza vibaya. Bwana alijua, Berthe. Hakukasirika."

Akangoja kidogo, kama mtu aliyezoea kujibiwa. Kisha akatoa uzi mfukoni, akaufunga kwenye shina la jeranium. Fundo lilikuwa la kiatu.

Akajimiminia. Alikaa na glasi bila kunywa mpaka Claudine akakosa subira. Halafu akanywa. Aliishikilia ulimini, akafumba macho, akameza polepole sana. Mwaka mzima chakula kilikuwa kama kutafuna kitambaa. Sasa alisikia udongo, na uyoga, na lile tunda la nyuma.

"Inakuwa je, Papa?" Claudine aliuliza. "Miye hizi vitu za zamani siko najua."

Nday akampa glasi yake.

"Kunywa. Viini vya mayai yake ulikula weye, tumboni mwa mama yako."